Mashine Iliyoitwa Lqbo

Saa nne asubuhi seva mpya ya zahanati moja ya Ngagara ilikwama tena, mara ya nne tangu juzi, na safari hii Ernestine, aliyesimamia mtandao wa zahanati, akalia. Alikuwa na haki ya kulia. Seva ya zamani iliungua umeme uliporudi kwa nguvu, na mkurugenzi Léonce alishamwambia: jioni ikifika mpya haijafanya kazi, arudi kwao Uvira.

Aliyeitwa kutafuta ubaya uko wapi ni Khadidja, fundi wa mitandao kutoka Mutakura, mwanamke asiye na subira hata chembe. Kila alipokaa, mguu wake ulitikisika.

Seva yenyewe ilikuwa tupu. Mfumo wa Unix ulipaswa kuingia kwa waya: seva inawashwa, inauliza mtandaoni nani atakayeipa anwani na faili la kuanzia, na mashine ya Ernestine inajibu. Ubaya ni kwamba ni kama kuulizia kitenge sokoni: anayejibu wa kwanza ndiye unayemfuata, hata kama dukani kwake hakuna kitenge.

"Iwashe tena," alisema Khadidja.

Maandishi yakapita kwenye skrini. Anwani ikaja. Faili likasubiriwa, halikuja. Khadidja akasogeza pua karibu na kioo, akasoma jina la mashine iliyojibu: "Lqbo."

"Yangu inaitwa labo," Ernestine akasema. "Hiyo apana yangu."

"Basi humu ndani kuna ingine. Mutu aliificha."

Moubarak, msaidizi aliyetunza sauvegarde, yaani nakala za akiba za majibu ya wagonjwa, alikuwa meza ya pili akichapa barua ya mkurugenzi. Macho yake yalikuwa kwa Khadidja, vidole vikikimbia vyenyewe.

"We Moubarak, nani mwingine anagusa huu mtandao, réseau?"

"Mi niko na sauvegarde tu, dada. Réseau ni ya Ernestine. Muulize yeye, wallahi."

Khadidja hakumwuliza mtu tena. Alifuata nyaya moja moja ukutani hadi stoo, Ernestine na Moubarak nyuma yake. Nyuma ya maboksi ya glavu, kompyuta mpakato ndogo ilikuwa inawaka taa.

Léonce alifika mbio, akatazama vitufe vyake vya kuandikia, akapaza sauti. "Klavye ya Kiingereza! Zile wafanyabiashara wanaleta kutoka Dubai! Hapa sisi wote tunaandika na ya Kifaransa. Ni Ernestine peke yake alisoma Kampala!"

Hasira ilimpanda Khadidja, lakini aliimeza. Akafungua ukurasa mtupu kwenye kompyuta ile.

"Ernestine, andika labo."

Akaandika: labo.

"Moubarak, na wewe."

Moubarak alicheka. "Patron, hii si muchezo wa watoto?" Akiwa bado anamtazama mkurugenzi, akachapa.

Kwenye skrini: lqbo.

Khadidja akaweka kidole kwenye herufi ya pili.

"Kwenye klavye ya Kifaransa, A inakaa mahali Kiingereza kiliweka Q," Khadidja alisema. "Ernestine anajua zote mbili. Patron, we unaandika na kidole kimoja, unatafuta kila herufi. Aliyeificha hii alitaka kuiita labo kama ya Ernestine, akakosea: ni mutu wa klavye ya hapa, tena asiyeangalia vidole."

Njia ya mwongo ni fupi. Moubarak alikaa juu ya boksi.

"Kwanini?" aliuliza Ernestine. "Mi nilikukosea nini?"

"Apana, haukunikosea. Seva ikianza kazi tu, mungeniomba sauvegarde." Alijifuta uso. "Disque ya sauvegarde ilijaa tangu Ramadhani, haiingizi kitu tena. Kila jioni patron aliuliza, nikasema ça va, iko sawa. Nikafikiri, Ernestine akifukuzwa kabla seva haijaanza kazi, itasemwa ni yeye aliharibu vyote."

Léonce alimtoa nje kwa maneno nisiyoweza kuyaandika hapa. Ernestine alichomoa waya wa kompyuta ile, akaiwasha seva. Safari hii labo ilijibu, faili likaja, na kabla ya adhuhuri mfumo wote ulikuwa umeingia. Kilichobaki ni kurudisha majibu ya vipimo vya wagonjwa, na nakala za akiba ziliishia Ramadhani.

"Unisamehe," Léonce alimwambia Ernestine.

Ernestine alitoka barazani, ambako akina mama walikuwa wanangojea majibu yao tangu asubuhi, akawaambia kwamba itabidi watoe damu upya.