Barua Iliyofichwa Chini ya Ulezi

"Kwa hiyo mimi mwizi, siyo?"

"Sijasema mwizi, Mama Ashura. Nimeulizia barua."

"Kuulizia mara tatu siku moja ndiyo kuniita mwizi! Barua za nusu ya mtaa wa Izia zinapita kwenye sanduku letu la posta, na haijapotea hata moja. Yako ndiyo imeota miguu?"

Majirani hao walisimama kila mmoja upande wake wa ugo. Kwa baridi ile ya Juni, mvuke uliwatoka vinywani kama mabirika mawili yanayochemka. Mama mmoja aliyekuwa akipita na maji alitua ndoo yake ili asikie vizuri.

"Kesho ni Ijumaa," alisema Mama Suma kwa sauti ya chini. "Majibu ya barua hiyo yasipofika ofisi ya mkoa kabla ya saa sita mchana, nafasi yangu ya masomo anapewa mtu mwingine."

"Mpe huyo mwingine! Mtu kichwa kizima mvi, unakwenda kutafuta udaktari wa nini? Kumfundisha mgonjwa kufunga vifungo vya shati?"

Ashura, msichana wa darasa la sita, alikuwa akifagia ua. Alifagia pale pale alipokwisha kufagia. Barua ile aliipokea mwenyewe posta Jumatatu, alipopewa ufunguo wa sanduku, akaificha stoo chini ya gunia la ulezi.

Mambo yalianzia shuleni. Suma, mtoto wa jirani, aliringa mbele ya darasa zima. "Mama yangu anakwenda kusoma mpaka juu kabisa, aitwe Daktari. Wako atabaki kupimia watu mafuta ya taa." Watoto walicheka. Tangu siku hiyo Ashura kila akimwona Mama Suma na koti lake jeupe la hospitali, moyo ulimwaka. Kwa nini wao? Kwa nini si mama yangu? Na kila jioni mama yake, Kulsumu, aliongeza kuni kwenye moto huo kwa maneno ya jikoni.

Jioni hiyo Mama Suma hakuja kumtibu Babu Saad, babu yake Ashura, kama kawaida yake.

Babu alikuwa dereva wa lori la kwenda Namanyere mpaka kiharusi kilipomlaza mkono wa kulia. Nyumbani kwao watu wote walikula kwenye sinia moja, kwa mkono wa kulia. Babu alikataa kutia wa kushoto mbele ya watu. Basi mwaka mzima alipelekewa sahani chumbani, akala peke yake, mlango umefungwa. Nyumba imejaa vicheko, yeye anasikiliza ukutani.

Mama Suma alipoanza kumtibu hakuuliza anaumwa wapi. Aliuliza, "Mzee, unataka uweze kufanya nini tena?" Babu alijibu, "Kula na watu." Kuanzia hapo kazi ikawa kuchambua maharage, kufinyanga kiporo cha ugali, kuinua mkono, kuushusha. Ndiyo kazi aliyoisomea: kumrudisha mgonjwa kwenye shughuli zake.

"Mwalimu wangu yuko wapi?" Babu aliuliza Ashura alipomletea bakuli la maharage.

"Wamegombana na mama."

"Basi kitabu kimeharibika."

"Kitabu gani, Babu?"

"Hamjui? Atasoma huku anafanya kazi. Ataandika jinsi mkulima anavyorudi kwenye jembe na dereva kwenye sinia, hospitali nyingine zijifunze. Mkono wangu huu umo. Mzee wa lori bovu, nisomwe ng'ambo!"

Akachukua tonge la kiporo cha mazoezi. Akaliinua polepole kwa mkono wa kulia. Tonge lilifika kidevuni, likaanguka.

"Jana lilifika mdomoni," alisema, akaliokota.

Ashura aliangua kilio, akasema yote.

Babu hakumbembeleza. "Usinililie mimi. Barua ina mwenyewe."

Ashura aliitoa stoo, ikiwa na vumbi la ulezi, akaanza kwa mama yake. Kulsumu aliifuta vumbi kwa upindo wa khanga. Alikuwa ameapa mbele ya watu kwamba haijapotea hata moja!

"Nani alikutuma?"

"Hakuna, mama. Nilisikia unavyomsema, nami nilikuwa nimekasirika."

Kulsumu alijifunga khanga vizuri, akamshika mwanawe mkono. Walipofika mlangoni kwa jirani, alisema, "Mama Suma, barua ilikuwa kwangu. Aliyeificha ni huyu. Aliyemtia moto ni mimi. Niliacha kisomo cha watu wazima wiki ya pili, nikakuonea wivu wewe usiyechoka."

"Shikamoo, mama. Nisamehe," Ashura alisema, akaeleza na maneno ya Suma darasani. "Kesho asubuhi nitayapeleka majibu mwenyewe."

"Marahaba." Mama Suma alisoma, akashusha pumzi. "Siku bado ipo. Mtakwenda wawili. Suma! Njoo hapa. Mafuta ya taa ninayosomea usiku huwa ananipimia nani?"

Suma aliinamisha kichwa. "Mama Ashura. Nisameheni."

"Sikiliza, Ashura," Mama Suma aliendelea. "Mimi ningekosa shule. Je, wewe ungepanda hata darasa moja? Usingepanda. Mimi ningebaki chini, na babu yako angebaki chumbani. Wivu hauna unachojenga. Ukiona mwenzako anasoma, chukua daftari ukae karibu naye. Na wewe, Mama Ashura, kisomo ni Jumanne. Nitakupitia."

Ng'ambo ya ugo Babu Saad alikuwa amesimama na fimbo yake, nje ya chumba chake, nyuma yake sinia la ugali wa ulezi likifuka moshi sebuleni.

"Maneno mtamalizia huku!" aliita. "Leo nakula na watu, tonge likianguka na lianguke. Mwalimu, njoo na mtoto. Ingieni tule, ugali unapoa!"