Hodi ya Jua la Utosini

Harufu ya tope ndiyo iliyotangulia. Muhsina aliisikia amejinyoosha kwenye mkeka, mwanawe Aliya ubavuni, mchana wa jua kali, wakati ambao soko zima la Matrah, pale Maskat, limefunga milango na watu wamelala. Tope la mikoko, lile jeusi linalonuka mayai viza. Sasa niambie, katikati ya soko tope litoke wapi? Mikoko ya karibu iko Qurm, mwendo mrefu kutoka hapo, na siku hiyo hapakuwa na upepo hata wa kutikisa uzi.

Ilikuwa mwaka wa 1966, miaka miwili tangu yeye na mumewe Thani watoke Unguja na mtoto mchanga na nguo za mwilini tu. Thani aliuza vitambaa dukani chini, na chumba chao kilikuwa juu ya njia yenyewe ya soko: maduka huku, maduka kule, wanunuzi wanapita katikati kivulini, na dari la vichwa vyao ndilo sakafu ya Muhsina. Nyumba nzima ilisimama kwa mbao. Udongo na chokaa vilijaza nafasi tu. Ungeubomoa ukuta wote, nguzo na boriti zingebaki zimeshikana vilevile. Na boriti zile zilikuwa za mikoko, zimekatwa Rufiji, enzi za mababu. Muhsina alikuwa akizipapasa anapofagia, akisema, "Mimi na nyie tumetoka kumoja."

Basi harufu ile ilipokolea, ikaja sauti kutoka chini ya sakafu, ya mzee, ya taratibu.

"Hodi. Hodi wenyewe."

Maskat watu hugonga, au huita jina la mwenye nyumba. Hodi alikuwa hajaisikia mlangoni pake tangu aondoke kwao, na moyo ulimruka kwa furaha. Hakuuliza nani. Mzanzibari gani anauliza nani? Kinywa kilijibu chenyewe.

"Karibu."

"Nishakaribia," ikasema sauti.

Hakusikia miguu ngazini. Alisikia boriti ya mwisho ikilia, kisha ya pili yake, kisha inayofuata, mpaka ikalia iliyokuwa juu ya mkeka, hapo ikanyamaza. Alishuka mbio kutazama. Komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani, kama alivyolifunga mwenyewe.

Aliya alipoamka, nyayo zake zilikuwa na tope.

Kesho yake, baada ya usingizi wa mchana, tope lilimfika vifundoni. Muhsina alimwosha, akajitia hamnazo kama sisi sote tunavyofanya jambo likitushinda. Lilipofika magotini alimwita mumewe. Thani aliligusa, akalinusa, akaenda kukaa kando, mkono ameunyoosha mbali naye kama si wake.

"Umekwenda wapi, mama?" Muhsina alimuuliza mtoto kwa sauti ya chini.

Aliya alikuwa na miaka mitatu, msemaji, na mamake alimfunza adabu kwelikweli: mkubwa haachwi bila jibu. Akajibu vizuri. "Babu ananionyesha njia ya kwao. Kuna maji. Leo tumefika hapa." Akaonyesha magoti.

"Babu gani?"

Mtoto akatazama juu, kwenye boriti.

Tangu hapo hawakumwacha peke yake hata kidogo, wakampakata mchana kutwa, na bado akisinzia tu, hata kifuani kwa babake, aliamka ananuka mikoko, maji ya chumvi yanamchuruzika, na tope limepanda, likapita mapaja, likapita kiuno, na hakuna mtu aliyehitaji kumwambia Muhsina kwamba litakapofika puani mtoto hataamka tena.

Walimwita Mwalimu Marhoon, mzee aliyekulia Pemba kabla ya kurudi kwao Nizwa, Omani. Alisoma Yasini, akarudia, akanyanyua mikono akaomba dua ndefu. Hakuna kilichotikisika. Wakapumua. Alipomaliza, wote wakaitikia, na juu ya vichwa vyao, nyuma kidogo ya sauti zao, mtu mwingine akasema kwa unyenyekevu:

"Amina."

Mwalimu alizitazama boriti. Kisha akanong'ona, "Huyu hakuvamia. Nani alimkaribisha?"

Muhsina akaanza kulia, na jibu likawa hilo.

"Basi, binti yangu, hafukuzwi kwa kisomo. Ni mgeni. Mgeni husindikizwa, na anayemsindikiza ni yuleyule aliyemkaribisha. Kesho, jua likiwa utosini, mwambie utamtoa. Nenda naye mpaka paa la soko linapokwisha, hapo ataondoka. Lakini ataaga, na akiaga atawakaribisha kwake, kama ada. Mtu yeyote wa nyumba hii asimjibu. Atakayejibu ameahidi kwenda."

"Nnaogopa, mwalimu."

"Hata mimi naogopa," alisema mzee, akavaa viatu.

Kesho yake Thani alibaki chumbani amempakata Aliya aliyelala, tope likiwa limemfika kifuani. Muhsina alisimama chini ya boriti. "Babu," alisema, "twende nikutoe."

Boriti ikalia.

Alishuka, akafungua komeo, akaingia kwenye njia ya soko, na pale palikuwa na giza la mchana, milango yote imefungwa, vijimwanga vya jua vimepenya kwenye mikeka ya paa na kudondoka chini, naye akatembea pole pole bila kugeuka huku juu yake boriti za paa, zilizoungana na za nyumba, zikilia moja baada ya moja, sawa na hatua zake, akisimama zinasimama, akienda zinakwenda, na matone ya maji ya chumvi yakimdondokea shingoni na kuteremka mgongoni, na harufu ile ikimjaa mdomoni mpaka akahisi anaitafuna, akawa anasoma kila alichokijua, Fatiha ikaingia kwenye Kul-huwallahu, Kul-huwallahu ikapotea, na mbele yake mwisho wa paa ulikuwa mweupe kwa jua na hausogei.

Ukasogea. Akafika. Boriti ya mwisho ikalia, ikatulia.

"Umenitoa, mwanangu. Mungu akulipe," ilisema sauti, na ilikuwa na huruma ya kweli, hilo ndilo lililomtisha zaidi. "Sasa na nyie karibuni kwetu."

Jibu lilimfika mdomoni, lile ambalo kila mtu aliyelelewa analijua. Muhsina aliung'ata ulimi mpaka akaonja damu. Hakujibu.

Lakini maneno hayakuishia kwake. Yalirudi kwa ndani ya mbao, boriti kwa boriti, mpaka chini ya sakafu ya chumba, na Thani, mkono ameuziba mdomo wake mwenyewe, hakuwahi kuuziba wa mtoto. Njia tupu ile ilimletea Muhsina sauti yote, ndogo, yenye usingizi, yenye adabu.

"Ahsante, babu. Tutakuja."

Muhsina aligeuka akakimbia. Mlio wa boriti ulimpita juu ya kichwa, ukatangulia nyumbani.