Bendi ya Visahani vya Plau

Siku ya mnada wa Karatu, Mei 1978, tope la masika lilikuwa halijakauka. Kati ya wauza kondoo na wauza vitenge, kijana mwenye afro na suruali ya bugaluu alichuchumaa mbele ya rundo la vyuma chakavu. Aligonga visahani vya plau kimoja kimoja kwa bisibisi, akitega sikio.

"Hicho kina ufa," sauti ya kike ilisema nyuma yake.

Aligeuka. Msichana mwenye gauni la njano alisimama pale na kikapu cha maharage.

"Umeuonaje ufa kutoka huko, bibie?"

"Sijauona. Nimeusikia."

Ndivyo Tluway, fundi wa matrekta na mpiga gitaa, alivyokutana na Cresensia, mwendesha simu ya upepo kwenye kituo cha misheni. Kutwa nzima kazi yake ilikuwa kuchambua sauti za watu katikati ya mikwaruzo.

Kabla ya wiki kwisha, Cresensia alikuwa ameketi juu ya magunia ya ngano akimsikiliza Tluway na mwenzake wa bendi, Bonifasi, wakifanya mazoezi. Gitaa la Tluway lilihesabu nne, visahani alivyovigonga Bonifasi kama ngoma vilihesabu tatu, na hakuna aliyemngoja mwenzake.

"Mbona wimbo wenu kama watu wawili wanaogombana?"

"Waache wagombane, mpenzi. Watapatana."

Cresensia alicheka hadi machozi. Tayari alikuwa amempenda.

Juni wakapiga dansi lao la kwanza katika ukumbi wa baa. Watu walisimama, miguu isijue pa kukanyaga. "Tengenezeni kwanza hiyo mashine!" mtu akapaza sauti. Tluway alimtafuta Cresensia kwa macho, akamwona ameziba mdomo, mabega yakitikisika kwa kicheko. Aliweka gitaa chini. Alfajiri akadandia lori la kwenda Wasso, mbali kaskazini, bila kumuaga mtu.

Siku ya nane, baada ya Bonifasi kusikia kwa dereva wa lori Tluway alikokimbilia na kumwambia, Cresensia aliomba ruhusa ya dakika tano kwenye mtambo.

"Wasso, Wasso, hapa Karatu. Niitieni fundi Tluway. Ova."

Baadaye sauti ya Tluway ikaja kati ya mikwaruzo.

"Ulinicheka mbele ya watu. Ova."

"Nilicheka kwa furaha, mjinga wewe! Tatu na nne ziliangukia pamoja, zikaachana tena. Ukumbi mzima niliyesikia ni mimi tu. Ova."

Tluway akabonyeza kitufe tena.

"Kwa nini wengine hawakusikia? Ova."

"Hawakuwa na pa kushika. Gitaa lina njia yake, visahani vina yake, na sauti za visahani ziko kati ya noti, gitaa halizijui. Tena hakuna anayeimba. Mgeni akiingia nyumba yenye giza, si unamshika mkono? Ova."

"Basi tuunyooshe, ufanane na nyimbo za wengine? Ova."

"Ukiunyoosha sikutaki! Nitaimba mimi, maneno machache, pale mnapokutana. Rudi, mpenzi wangu. Ova."

Sauti ya tatu ikaingilia kutoka kituo kingine: "Hapa Endulen. Kijana, rudi bwana! Sisi tuna mgonjwa, tunangoja zamu ya mtambo. Ova."

Akarudi.

Siku ya Sabasaba uwanja ulifurika. Cresensia alipanda jukwaani na gauni la bluu na viatu vya raizoni vya soli nene. Gitaa likaanza, visahani vikaingia, watu wakakunja nyuso. Ndipo alipoimba mstari mmoja mfupi, ukatua palepale tatu na nne zilipokutana.

Walipoupiga wimbo mara ya pili, wanawake wa Mbulumbulu, kijijini kwao Cresensia, walipiga makofi mahali hapo. Mara ya tatu uwanja mzima ulikanyaga ardhi kwa pamoja. Ugeni wa muziki haukuisha. Visahani vililia vilevile, kati ya noti. Ila sasa watu waliungojea kwa hamu. Bendi ya Arusha, yenye tarumbeta tatu, ilipotaka kupanda, umati ulikataa: "Warudie! Warudie!"

Nyuma ya jukwaa, Tluway alimshika mikono yote miwili.

"Cresensia, nataka nikuoe."

"Na siku ukinikasirikia, utadandia lori tena?"

"Nitakasirika nikiwa nyumbani. Nitakuuliza kwanza."

Cresensia alijipangusa jasho mashavuni.

"Basi njoo Mbulumbulu Jumapili, na wazee wako. Nimekubali."

Kelele za uwanja zilizidi. Cresensia akamvuta mkono, wakapanda jukwaani pamoja, wakaupiga wimbo kwa mara ya nne.