Robota la Tisa

Haya yalimpata rafiki yangu Orrin, mfugaji wa mji wetu mdogo hapa Wisconsin. Nakiri aliponisimulia mwanzoni nilimcheka, Mungu anisamehe.

Zamani, magari ya mashindano yalipokuwa yakipita barabara zetu, Orrin aliagizwa apange marobota tisa ya nyasi kavu kwenye kona, yazuie gari litakaloacha njia. Akapanga manane, moja akawawekea ndama wake walalie. Dereva mmoja akachomokea kwenye pengo lile, akafa. Kwa miaka mingi Orrin hakumwambia mtu, hata mchungaji wa kanisa lake.

Tangu hapo, kila mwaka siku ya kumbukumbu ya ajali hiyo hupanga pale konani marobota yote tisa, akiomba asamehewe. Mwaka huu, giza likiingia, alitoka kwenda kuyakusanya.

“Wahi, mzee, soseji zinapoa!” mkewe Leona alimtania. “Au leo unashindana na trekta?”

“Na nitashika mkia, mama.”

Pale konani alisikia gari likija kwa kasi, likashusha gia, mara kimya. Halikutokea upande wa pili. Akahesabu marobota: manane.

Alirudi mbio nyumbani, akafungua banda. Gizani ndama walikuwa wamejibanza ukutani. Katikati palikuwa na robota la tisa, kamba zake hazijakatwa, upande mmoja umebonyea kama uliogongwa na gari, na bado ulikuwa wa moto.