Kamba ya Tanga Haifungwi

Kila asubuhi ya wiki hiyo, Irambona alishuka ufukweni na kopo lake, akapanda kwenye mtumbwi wa Bibi Nshoma na kuchota maji yaliyovujia ndani usiku. Alihesabu makopo kimoyomoyo. Yakizidi arobaini, alikwenda kumwambia bibi kwamba mbao zinahitaji kuzibwa upya. Yakipungua, alikausha mtumbwi kwa kitambaa, kisha akaenda kunywa uji.

Alikuwa na miaka kumi na miwili, na hiyo ilikuwa wiki yake ya tatu tu karibu na Ziwa Viktoria. Kwao ni Nyamahanga, mbali na ziwa, ambako maji aliyoyajua yalikuwa ya kisima. Baba yake, Matiasi, alivuka kutoka Burundi akiwa mtoto mwaka 1972. Mama yake, Domisiana, alizaliwa Kanazi, wilayani Ngara. Mwaka huo wa 1995, shamba walilokuwa wameazimwa lilirudi kwa mwenyewe. Wakati huohuo kambi za wakimbizi kule Ngara zilijaa watu, na dagaa walihitajika sana. Ndipo Matiasi alipoamua kwamba wataishi kwa tanga. Watapeleka ndizi na mihogo visiwani, watarudi na dagaa, na kwa majuma mengi mtumbwi ndio utakuwa nyumba yao. Irambona atasafiri nao wakati wa likizo. Shule ikifunguliwa, atakaa kwa Bibi Nshoma.

Bibi Nshoma alikuwa mjane wa Kizinza mwenye mitumbwi miwili na maneno machache. Alikubali kuwaazima mmoja kwa sharti.

"Jumamosi ya tatu tutavuka hadi kile kisiwa cha mawe, turudi," alisema. "Mimi nitakaa kimya kama mzigo. Mkinirudisha salama, mtumbwi ni wenu msimu mzima. Mkishindwa, nampa mtu mwingine. Siwezi kuwazika watu wa Nyamahanga."

Wiki ya kwanza mtumbwi haukugusa maji. Ulikaa mchangani na wao wakakaa ndani yake, wakijifunza kusikia kwa mashavu upepo unatoka wapi. Watoto wa wavuvi walikuja kuwatazama.

"Watu wa milimani! Mnalima ziwa?" walipiga kelele.

"Bado tunapalilia," mama alijibu, nao wakacheka zaidi.

Wiki ya pili walijifunza kuelea majini, kila mmoja akiwa amekumbatia dumu tupu lililofungwa vizuri. Wiki ya tatu walipandisha tanga, lililoshonwa kwa magunia ya unga. Siku hiyo ya kwanza mama aliivuta kamba ya tanga, akaifunga kwenye ubao wa kukalia kwa fundo gumu. Sauti ya Bibi Nshoma ilitoka ufukweni kama jiwe.

"Mama Irambona! Huyo ni mbuzi? Anatoroka?"

"Nisamehe, mama. Ni mazoea."

Ni kweli yalikuwa mazoea. Kwao, anayefunga mkungu wa ndizi kwenye baiskeli hukaza kamba kwa nguvu zote, kwa sababu mzigo uliolegea utadondoka kwenye mteremko. Lakini ziwani, Bibi Nshoma aliwaeleza, kamba ya tanga haifungwi. Unaweza kuizungusha mara moja kwenye ubao, ila mwisho wake unabaki mkononi. Upepo ukija mkali unaiachia, tanga linapepea na mtumbwi unasimama wima.

Jumatano walitoka kufanya mazoezi peke yao. Baba alikaa nyuma kwenye usukani. Mama alishika kamba nusu ya safari, halafu akampa Irambona ili yeye achote maji. Viganja vya Irambona vilikuwa na malengelenge. Kamba ilimchoma. Baba alikuwa akitazama mawe ya rasi, pale nchi kavu ilipochomoza ziwani, na mama alikuwa ameinama na kopo.

"Dakika moja tu," Irambona alijiambia. Akaifunga kamba kwenye ubao, fundo la mbuzi.

Walipoipita rasi, upepo uliwapiga ubavuni. Mtumbwi uliegemea.

"Legezeni! Legezeni!" baba alipiga kelele.

Irambona alivuta fundo, nalo likazidi kukaza. Maji yaliingia kwa upande mmoja, kisha yote yakawa maji. Alipotokeza juu, alikuwa amekumbatia dumu lake. Mama alikuwa pembeni, akikohoa. Baba alishikilia tumbo la mtumbwi uliopinduka, akiita majina yao.

Wavuvi waliwavuta hadi nchi kavu. Tanga lilikuwa limechanika na kasia moja lilikuwa limepotea. Bibi Nshoma aliuinamia mtumbwi, akalikuta lile fundo.

"Nani amefunga?"

 Watu wote wakamtazama mama.

"Mimi?" mama alisema taratibu. "Nakumbuka nilimpa mtoto kamba… Labda niliifunga kabla. Sijui, mama. Labda ni mimi."

"Basi wewe hutapanda tena," Bibi Nshoma alisema. "Na Matiasi hawezi kwenda bila mtu mzima wa kumsaidia. Safari imeishia hapa."

Irambona alifungua mdomo, akaufunga.

Jioni hiyo mama alikunja nguo na kuzirudisha kwenye gunia walilokuja nalo. Hakulia. Aliuliza tu, kama anayejiuliza mwenyewe, "Mikono yangu ina nini, jamani?" Aliitazama mikono yake, akaigeuza.

Irambona hakuweza kuvumilia tena. Alitoka mbio hadi kwa Bibi Nshoma, ambaye alikuwa akishona tanga mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Unahema nini?"

"Ni mimi niliyefunga. Siyo mama. Mikono iliniuma, nikafunga, halafu nikanyamaza." Alimwonyesha viganja. "Nipige, bibi, lakini mama apande."

Bibi Nshoma alivitazama vile viganja. Alisimama, tanga begani, akaenda naye hadi kwa wazazi wake, akamwambia arudie mbele yao. Irambona alirudia, huku machozi yakimtoka. Mama alimvuta karibu. Baba alisema, "Ungetuambia, tungebadilishana zamu."

"Sikilizeni," Bibi Nshoma alisema. "Kufunga kamba ni kosa la mgeni. Hata mimi niliwahi kupindua mtumbwi. Lakini mtoto, ungenyamaza, mama yako angerudi Nyamahanga akiamini mikono yake ni mibaya. Na kosa lako lingepanda na watu wengine, kwa sababu hakuna ambaye angejua lilipo. Ziwani, mikono ikiuma, sema. Ukikosea, sema upesi zaidi. Nisiyeweza kumpa mtumbwi ni yule anayeficha." Akamtupia tanga. "Haya, shona. Jumamosi iko palepale."

Jumamosi Bibi Nshoma alikaa katikati ya mtumbwi, mikono mapajani, akatafuna muwa. Irambona alishika kamba, viganja vikiwa vimefungwa vitambaa. Walipokaribia rasi alisema kwa sauti, "Mama, nimechoka, nipokee." Mama akaipokea. Upepo ukaja uleule. Mama aliachia, tanga likapepea, mtumbwi ukatikisika na kusimama wima.

Walikizunguka kisiwa cha mawe, wakarudi. Mchangani, Bibi Nshoma alitema makapi ya muwa.

"Pakieni ndizi," alisema.

Jumatatu waliondoka. Watoto wa wavuvi walikuja tena, safari hii wakisaidia kusukuma. Baba alikaa kwenye usukani, akauliza kama alivyouliza kila siku tangu walipopinduka:

"Kamba iko wapi?"

"Mkononi, baba," Irambona alijibu.