Kifua Kinachojua Kalenda

Fundi Sindano alianza kila siku ya kazi kwa kufunga madirisha.

Kwanza alifunga lile la uani. Kisha lile la barabarani. Mwisho aliusukuma mlango na kuuegemezea jiwe. Ndipo aliposema, "Haya, tuanze."

Kazi yake ilikuwa kutengeneza upya magodoro ya pamba. Watu walimletea magodoro yaliyobonyea, magumu kama ubao. Aliyapasua na kutoa pamba yote. Mke wake aliipiga pamba hiyo kwa fimbo mbili mpaka ikavimba tena. Kisha fundi aliijaza kwenye kitambaa kipya na kukishona kwa sindano ndefu. Jina la Sindano lilitokana na chombo hicho. Majirani walisema hapana, lilitokana na ulimi wake.

Madirisha yalifungwa kwa sababu pamba iliyopigwa ni nyepesi. Upepo ukiingia, nusu ya godoro inahamia kwa jirani. Baba yake alimfundisha hivyo, naye hakuwahi kuuliza zaidi. Saa nne jua lilipopenya kwenye tundu la bati, vumbi lilionekana limesimama katikati ya chumba kama nguzo nyeupe. Walilizoea. Walilipita kama mtu anavyopita kabati la nyumbani kwake.

Mke wake alikuwa na tatizo moja. Jumapili walipumzika, naye alikuwa mzima. Jumatatu alipoanza kupiga pamba, kifua kilimbana.

"Kimebana tena," alisema akishika magoti.

"Leo Jumatatu," Sindano alijibu. "Kifua chako kinajua kalenda, mama watoto. Jumapili kizima, Jumatatu kigonjwa. Kikijifunza kusoma na saa, tutakula wapi?"

Mke alicheka. Halafu alikohoa. Halafu akaendelea na kazi.

Utani huo ulidumu miaka mingi. Mwanzoni ilikuwa Jumatatu tu. Baadaye ikawa Jumatatu na Jumanne. Kisha kifua kikaacha kuchagua siku. Mke alikwenda zahanati, akapewa dawa ya kikohozi. Alikwenda tena, akapewa nyingine. Hakuna aliyemuuliza anafanya kazi gani, naye hakusema. Zamani alibeba godoro kichwani mpaka kwa mteja wa juu kilimani, huku akiongea njia nzima. Sasa alipanda kilima hicho mikono mitupu, na alipumzika mara tatu.

Mwishowe aliziweka fimbo chini. Alihamia barazani, akawa anashona vitambaa. Binti yao wa mwisho, aliyekuwa amemaliza shule mwaka huo, alizichukua fimbo zile na kuketi mahali pa mama yake.

Alifanya kazi miezi minne. Jumatatu moja aliziweka chini ghafla.

"Baba, sijui nina nini. Jana nilikuwa mzima kabisa. Leo kifua kama kimefungwa kamba."

Sindano alifungua kinywa. Utani ulikuwa tayari mdomoni. Alimtazama binti yake, akauona mkono wake kifuani, na utani ukamkwama.

"Pumzika kidogo," alisema tu.

Wiki hiyo fundi alikuwa na kazi ya mito arobaini ya viti vya maktaba ya chuo kikuu. Viti vilikuwa vya mviringo, na mito ilitakiwa kuwa ya mviringo. Alikwenda kuifunga yeye mwenyewe, kiti kwa kiti, akiwa amepiga magoti. Karibu naye aliketi mkutubi, mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, akifanya kazi kwenye kompyuta.

"Dada," Sindano alisema, "hawa vijana wako wanaandika nini siku zote? Mtu anaandika mpaka anaota mvi, halafu karatasi zinaliwa na mende."

"Zamani ilikuwa kweli, fundi," mkutubi alisema. "Mende ndio walikuwa wasomaji wetu wakubwa. Sasa tumewanyang'anya chakula."

"Kwa vipi?"

"Kila utafiti unaofanywa hapa tunauweka kwenye hifadhi ya wazi. Ni kama kabati kubwa kwenye mtandao. Halina kufuli. Anayetaka anafungua na kusoma, hata kwa simu. Halipi kitu, na si lazima awe mwanafunzi."

"Hata mtu aliyeacha shule darasa la tano?"

"Kabati haliulizi darasa."

Sindano aliguna. "Mambo ya wasomi hayo. Yananihusu nini?"

Mkutubi aligeuza kompyuta ili fundi aone. Alishusha orodha polepole. Mtafiti mmoja alichunguza ukungu unaoota kwenye karanga. Mwingine alipima shingo za wapagazi wa sokoni. Palikuwa na utafiti wa nyimbo za kubembeleza watoto, na wa nyufa za kuta za matofali. Mtu mmoja alikuwa amekaa mahakamani mwaka mzima akihesabu kesi za mirathi zinazocheleweshwa. Mwingine alikuwa amefuata kuku.

"Amefuata kuku kwenda wapi?" Sindano aliuliza.

"Alitaka kujua ugonjwa wao unavyohama kutoka nyumba hadi nyumba. Kazi yako ni magodoro, siyo? Hebu tuandike hapa, 'pamba' na 'godoro'."

"Utapoteza muda wako, dada. Nani akasomee magodoro?"

Mkutubi aliandika. Orodha ilikuja. Utafiti wa pili ulikuwa na jina refu, akalisoma kwa sauti: "Vumbi la Pamba na Vifua vya Watengenezaji wa Magodoro: Uchunguzi wa Vyumba Saba vya Kazi."

Sindano aliuweka mto chini. Alikuwa amekumbuka.

Miaka saba iliyopita mwanafunzi mmoja wa kike alikuja kwenye chumba chake cha kazi. Alikaa wiki mbili. Alimfunga mkewe kidude kidogo kwenye kola, kikawa kinavuta hewa na kukusanya vumbi. Aliuliza maswali mengi kwa sauti ya chini. Sindano alimwita "binti wa kipimo". Alimruhusu akae kwa kuwa alikuwa na adabu na hakukanyaga pamba.

Baada ya mwaka yule mwanafunzi alirudi na kijitabu chenye jalada gumu la bluu.

"Fundi, haya ndiyo tuliyoyaona. Nimeyaandika kwa ufupi, kwa ajili yenu. Tafadhali yasome. Kazi nzima iko kwenye hifadhi ya chuo."

"Weka hapo," Sindano alimwambia, bila kuinua macho kwenye godoro.

Karatasi za ndani alifutia mafuta ya cherehani. Lakini jalada lilikuwa zuri, gumu, halikunjiki. Alilikata duara, likawa kiolezo cha kukatia mito ya viti.

Sasa, palepale maktabani, aliingiza mkono kwenye mfuko wake wa kazi. Akatoa duara la bluu lililochakaa ukingoni. Aliliweka juu ya meza. Katikati yake maneno machache yalikuwa bado yanasomeka: vifua vya watengenezaji.

Mkutubi aliliangalia duara. Akaitazama mito arobaini iliyokatwa kwa duara hilo. Alivuta kiti na kumwambia, "Keti, fundi. Tusome."

Sindano alisoma mwenyewe, kidole kikifuata mistari. Alisoma taratibu, na mkutubi hakumharakisha. Ilisemwa kwamba vumbi la pamba huwadhuru wengine vifua. Dalili ya kwanza ni kifua kubana siku ya kwanza ya kazi baada ya mapumziko. Mtu akiendelea kulivuta vumbi hilo, dalili huja siku nyingi zaidi. Mwishowe kifua huharibika, na kikifika hapo hakirudi kuwa kama zamani.

Kisha alifika kwenye Chumba cha Tatu. Hapakuwa na jina la mtu, lakini madirisha yalikuwa yake. "Chumba kina madirisha mawili. Yote hufungwa wakati wa kazi ili pamba isipeperuke. Chumba hiki kilikuwa na vumbi jingi kuliko vyumba vyote saba."

Chini yake palikuwa na maneno ya mfanyakazi wa kike.

"Kila Jumatatu kifua hunibana. Mume wangu husema kifua changu kinajua kalenda. Mimi hucheka naye. Lakini natamani madirisha yafunguliwe. Sijamwambia. Najua atasema pamba itapeperuka."

Sindano alirudia mstari huo mara mbili. Alivua kofia yake, akaishika mapajani.

"Huu utani ni wangu," alisema. "Umekaa humu miaka sita. Mtu yeyote angeweza kuusoma."

"Ndiyo, fundi."

"Isipokuwa mimi."

Mkutubi hakumbembeleza. Alishusha ukurasa. "Kuna sehemu nyingine. Soma Chumba cha Tano."

Katika Chumba cha Tano fundi alikubali kujaribu mambo mapya. Madirisha yalifunguliwa na kuwekewa wavu wa matundu madogo. Vumbi likatoka, pamba ikabaki. Sakafu ilinyunyiziwa maji kabla ya kufagiwa. Magodoro ya zamani yalipasuliwa nje. Anayepiga pamba alivaa barakoa inayobana vizuri usoni. Vumbi lilipungua zaidi ya nusu.

"Wavu," Sindano alisema. "Wavu tu?"

"Wavu na hayo mengine. Lakini sikiliza. Utafiti si daktari. Unakuonyesha pa kuanzia. Nitakutolea kurasa hizi kwenye karatasi. Mpeleke mkeo na binti yako hospitali, na mwambieni daktari kazi mnayofanya. Na hapa kwenye simu yako nakuwekea njia ya kufungua kabati. Ukikwama na neno gumu, anza na muhtasari, upo mwanzoni. Ukishindwa, nipigie."

Sindano alifika nyumbani jioni. Mke wake alikuwa barazani, uzi mdomoni, anashona. Alimpa karatasi. Mke alisoma, na alipofika kwenye maneno yake mwenyewe alitoa uzi mdomoni.

"Yule binti aliandika kila kitu," alisema.

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

Mke alikunja karatasi vizuri, mara mbili.

"Nilimwambia aliyeniuliza."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira, Sindano angejua la kujibu. Ulimi wake ulikuwa hodari kwa hasira.

Hospitalini daktari aliwapulizisha mama na binti kwenye kipimo cha pumzi, mara mbili kila mmoja. Alisoma zile karatasi, akauliza, "Mama, kwa miaka yote hii hukuwaambia zahanati kwamba unapiga pamba?"

Sindano alitaka kusema kwamba hawakuulizwa. Alilimeza neno hilo.

Daktari hakuwaficha. Kifua cha binti kilikuwa kimeanza tu kuathirika, kingetulia akiacha vumbi. Kifua cha mama kilikuwa kimeharibika. Dawa ya kuvuta ingemsaidia kupumua vizuri zaidi, lakini isingemrudishia alichopoteza.

"Kama tungekuja miaka sita iliyopita?" Sindano aliuliza.

"Mngekuja miaka sita iliyopita, tungekuwa na mazungumzo mengine," daktari alisema.

Wiki hiyo Sindano hakupokea godoro. Alitengeneza fremu za mbao, akazikazia wavu na kuzipigilia kwenye madirisha. Uani alijenga kibanda kidogo cha wavu cha kupasulia magodoro ya zamani. Alinunua barakoa, na ya kwanza aliivaa yeye.

"Baba, sasa hatusikii maneno yako vizuri," binti alisema.

"Majirani watafurahi," mama alisema.

Binti alipumzika kazi ya pamba mpaka daktari aliporidhika. Aliporudi, walihesabu Jumatatu. Ya kwanza ilipita salama. Ya pili ikapita. Baada ya miezi sita alipuliza tena kwenye kipimo, na pumzi yake ilikuwa ya msichana wa umri wake.

Sindano alianza kuwatembelea mafundi wenzake, simu mkononi. Walimcheka. "Sindano siku hizi profesa," walisema. "Na tai utaanza kuvaa lini?" Aliwaacha wacheke. Alifungua hifadhi ya chuo, akawasomea Chumba cha Tatu, pamoja na maneno ya yule mwanamke. Hakuruka mstari hata mmoja. Akimaliza alisema, "Huyo mume ni mimi." Hapo kicheko kiliisha, na wengi wakauliza wavu unapatikana wapi. Fundi mmoja, ambaye mkewe ni mpagazi sokoni, aliuliza kama mle ndani kuna habari za shingo.

"Zipo," Sindano alisema. "Leta simu yako."

Lile duara la bluu hakulitumia tena. Alilitundika ukutani kwa msumari, juu ya cherehani. Wateja walipouliza ni nini, alisema, "Ni kitabu changu. Nilikikata kabla ya kukisoma."

Jumatatu moja asubuhi alikuwa akijaza godoro. Madirisha yalikuwa wazi. Mke wake alitoka barazani, hatua kwa hatua, akasimama mlangoni ili avute pumzi. Kona moja ya wavu ilikuwa imelegea. Kishungi cha pamba kilipenya hapo, kikapanda juu na kuvuka barabara.

"Baba watoto," alisema, "pamba yako inapeperuka."

Sindano alitazama kishungi kile mpaka kikapotea.

"Iache," alisema. Kisha akachukua nyundo, akaenda kukaza ile kona, na dirisha akaliacha wazi.