Mashine Isiyotaka Wageni

Kalunde hakuwa na mume, hakuwa na ndugu wa kupokezana naye zamu ya kumuuguza mama yake, hakuwa na chumba cha ziada, wala hakuwa na ofisi ya kwenda asubuhi. Alichokuwa nacho ni mvua. Akiwa ameketi kando ya kitanda cha mama yake mjini Tabora, aliandika barua pepe kwa vituo vya mbali, na punde vipulizawingu, mitambo mirefu kama minara iliyotapakaa nchi nzima, viliunguruma na mvua ikashuka pale alipoamuru.

Zamani aliifanya kazi hiyo kwa simu yake mwenyewe. Kisha wezi wakaingia katika simu ya mfanyakazi mmoja na kutuma amri za uongo. Mvua ikanyesha usiku kucha juu ya karanga zilizoanikwa, na mavuno ya wilaya nzima yakaoza. Shirika likaamua kuwa barua za kazi zifunguliwe kwa kompyuta za shirika pekee.

Kompyuta ya Kalunde ilikuwa na jicho lililopima joto la chumba na sikio lililosikia mapigo ya mioyo. Iliutambua moyo wake na wa mama yake, ambao shirika liliusajili kwa hisani. Moyo wa tatu ukiingia, barua zilijifunga, na hazikufunguka mpaka upite muda mrefu tangu mgeni aondoke.

Lakini Bi Nyamizi, mama yake, alikuwa mgonjwa wa kiharusi, na mgonjwa hujuliwa hali. Majirani walipita kutwa, huyu na uji, yule mikono mitupu. Kila mmoja alimsalimu kwa kirefu na kumsubiri ajibu. Daktari alisema salamu hizo ndizo zilizokuwa zikimrudishia ulimi.

Bi Mwashi, jirani wa ukuta mmoja, aliibatiza kompyuta ile shemeji.

"Mume gani huyu, Kalunde," alisema akiwa kizingitini na bakuli lake, "hataki hata tukanyage sebuleni?"

Kalunde alicheka, akaupokea uji palepale mlangoni. Siku chache kabla, wageni walikuwa wamezifunga barua wakati kituo kimoja kikisubiri amri, na miche ya watu ikanyauka. Shirika lilimwonya kwamba likitokea tena, kazi hana. Basi aliwaomba majirani waje jioni. Jioni mama alikuwa amekwisha kunywa dawa, amelala. Walikuja wakamtazama akikoroma, na baada ya muda wakaacha kuja.

Daktari aliporudi alimsalimu Bi Nyamizi mara ya kwanza, na ya pili. Mama alimtazama tu. Daktari akamuuliza Kalunde kuna nini kilichobadilika humu ndani.

Siku hiyohiyo Kalunde aliongea kwa simu na mkuu wake, Mhandisi Shigela, aliyekuwa Mwanza. Alimweleza yote, akamwomba aruhusiwe kusoma barua kwa simu saa ambazo mama ana wageni. Shigela alisikiliza bila kumkatiza. Alisema na yeye alizaliwa katika nyumba ya watu wengi, ila aliziona zile karanga kwa macho yake.

"Binti yangu, nikikufungulia wewe, nimemfungulia na mwizi."

"Naelewa, mzee. Lakini kwetu mlango ukifungwa mchana, watu hujua kuna ugomvi. Mama anadhani amegombana na mtaa mzima."

Shigela akasema, taratibu, kwamba sharti hawezi kulilegeza.

Kesho yake asubuhi Kalunde aliufungua mlango, akaenda kumwomba Bi Mwashi radhi. Bi Mwashi alimsema kidogo, kisha akaja na wenzake wawili. Kompyuta ilihesabu mioyo, ikafunga barua zote, ikazima taa yake. Wageni walikaa, wakamsalimu mgonjwa, wakasubiri. Midomo yake ilichezacheza bila sauti. Waliendelea kukaa.

Kwa kuwa barua pepe hazikufunguka, Kalunde alichukua karatasi. Aliliomba shirika limpe mwingine mvua yake, naye apewe kazi ya kusafisha kipulizawingu cha mjini, nusu siku, kwa mshahara wa kibarua, majirani wakiwa na mama. Aliisoma barua mara moja, akaikunja, akapaka gundi mdomo wa bahasha na kuubana kwa kiganja. Akatoka hadi kwenye bomba la posta la mtaa, akaitumbukiza, na upepo wa bomba ukaivuta kwenda shirikani.